Jaketi la elfu 45 na zipu inayokula nguo

Haya jamani, habari zenu, karibuni tena. Mkisikia kimya leo ni kwa sababu feni nimeizima. Maiki hii mpya ina masikio kuliko jirani yangu, feni ikizunguka mnadhani narekodi ndani ya helikopta. Kwa hiyo nimekaa hapa Dar, madirisha yamefungwa, na ninakwenda kuvaa nguo tatu kwa mpigo. Mkiniona nang'aa usoni, siyo mafuta.

Hii hapa ndiyo mliyoniomba. Jaketi jepesi la safari, lile linalokunjwa likaingia kwenye mfuko wake lenyewe. Nimelinunua jipya, elfu 45, kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji, tumeshagombana kwenye meseji vya kutosha. Saizi, rangi, sijui linafukuza maji, hayo mmeyasoma kwenye matangazo yote. Mimi nataka mtazame zipu tu.

Nakaa kama nipo kwenye basi. Jirani huku, dirisha huku, begi mapajani. Naingiza pini, imeingia, sawa. Napandisha. Inapanda, inapanda, nikifika usawa wa kitovu... mmesikia? Krr. Imekwama. Nikishusha haishuki, nikipandisha haipandi. Siigizi. Ngoja nisogeze kamera, subirini, inatafuta mwanga... haya. Mnaona huu utepe wa kitambaa nyuma ya meno ya zipu? Umewekwa kuzuia upepo usipite kwenye zipu, wazo zuri kabisa. Lakini ni kitambaa laini kama mfuko wa nailoni, tena kimeachwa kinaning'inia, hakikupigwa mshono wa kukilaza. Kichwa cha zipu kikipita, kinakivuta ndani, kinakitafuna. Siyo zipu mbovu, meno yote yapo. Aliyeshona ndiye aliyeokoa mshono mmoja.

Narudia. Sasa nauvuta utepe pembeni kwa mkono wa kushoto, napandisha kwa wa kulia. Imepita. Kumbe inapita! Lakini nani ana mikono miwili ya bure kwenye basi? Mwingine umeshika chai.

Watu wananiambia pakaza mshumaa, pakaza sabuni ya mche. Mshumaa unasaidia zipu kavu, ile inayoganda kwa vumbi na chumvi. Hii inakula kitambaa, ukiipaka mshumaa itakula vizuri zaidi.

Kwa nini nalia na zipu hivi? Wanaosafiri njia ya Njombe mtanielewa. Mama mkwe wangu yuko huko, kwa hiyo kila Juni au Julai naipanda. Mbezi saa 12 asubuhi umevaa fulana, uko sawa. Kwenye saa 7 mchana uko Ruaha Mbuyuni, joto lile la bondeni, kila mtu anajipepea kwa tiketi. Halafu basi linaanza kupanda mlima Kitonga, taratibu, nyuma ya malori, kona baada ya kona, na ukifika juu kule Ilula kuna watu wamevaa makoti wanauza nyanya. Hujamaliza hata soda yako. Ukipanda mita 1000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, na Njombe ni karibu mita 2000 juu ya bahari. Bado konda hajaamua leo AC iwe ya watu au ya samaki. Safari moja, unavaa na kuvua mara tano, sita. Nguo ambayo haivuliki ukiwa umekaa ni mzigo, hata ingekuwa nzuri vipi.

Ndiyo maana nguo za kuvaa kwa kichwa sizitaki safarini. Ile sweta nzito ya kuvuta shingoni, ukiivua unamkung'uta jirani kiwiko, fulana inapanda nayo, mtandio unaanguka, abiria wote wameshajua rangi ya sidiria yako. Aibu ya nini?

Haya, mpinzani wake. Hii flisi, sweta nyepesi ya manyoya yenye zipu mbele. Elfu 12, mtumba, soko la Karume, belo likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Lebo imekatwa, hata sijui ni ya kampuni gani, na kiwiko kimeanza kufanya vidonge vidogo vya nyuzi. Lakini zipu, ona. Mkono mmoja. Juu. Chini. Juu. Chini. Sitazami hata. Sogea uone kichwa cha zipu: YKK. Hao ni Wajapani, wameanza tangu 1934, na nikiwa mtumbani huwa nageuza zipu kabla ya kugeuza nguo. Herufi hizo zinaigizwa pia, kwa hiyo pandisha na ushushe mara kumi hapohapo mbele ya muuzaji. Akinuna, muache anune.

Na wenzangu wa Nairobi, najua mtaniandikia kwamba Gikomba ni bei chee kuliko Karume. Mwaka huu nimesoma hizo komenti mia. Nitakuja, nauli mnilipie nyinyi.

Flisi yenyewe ilitoka Marekani, kiwanda cha Malden Mills kule Massachusetts, 1979. Ni poliesta iliyokwaruzwa mpaka ikatoa manyoya, na tangu miaka ya 1990 kuna zinazotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizotumika. Joto lake ni hewa inayonaswa kwenye hayo manyoya. Kwa hiyo ni nyepesi na inakauka haraka, lakini ni plastiki, usijisahau. Mwaka jana nimeota moto jikoni kwa mama mkwe, cheche moja tu ya mkaa, ona hapa mkononi. Tundu. Halikuungua hata, liliyeyuka.

Sasa jaribio dogo. Naweka kiganja nyuma ya flisi, napuliza. Fuuu. Upepo wote nausikia kiganjani, kana kwamba hakuna kitu. Nafanya hivyohivyo na jaketi la elfu 45. Fuuu... hakuna. Napuliza tena kwa nguvu. Hakuna kabisa.

Na hapa lazima niwe mkweli, maana video hii niliipanga kwa hasira. Safari iliyopita nilishuka Makambako jua linazama, upepo wa pale mnaujua, unapita kwenye flisi kama flisi ni chandarua. Nikalitoa hili jaketi mfukoni, nikapambana na zipu dakika nzima, yule mtoto wa kuuza mayai akanisaidia kushika utepe, na lilipofunga, basi. Baridi ikakatika. Flisi ndani inashika joto, jaketi juu linazuia upepo usilibebe. Kila moja peke yake ni nusu nguo. Kwa hiyo kile nilichowaambia kwenye video ya mwezi uliopita, kwamba haya majaketi ya kukunja ni mbwembwe tu, nakifuta. Zipu bado ni upuuzi.

Jasho linanitoka, ngoja nivue... subirini. Ehe. Krr. Mnaona? Nitabaki nalo kwanza.

Ya ndani kabisa sasa, kwa haraka. Msivae fulana ya pamba ngozini mkienda kwenye baridi. Najua pamba ndiyo raha yetu huku pwani, lakini Ruaha Mbuyuni utatoa jasho, itakunywa, halafu Kitonga utaipanda na kitambaa kibichi mgongoni. Mimi navaa ya poliesta, hizi za mazoezi. Kasoro yake ni harufu, siku ya pili jirani anajua umetoka mbali. Sufu ya merino, ile laini ya kondoo wa merino, hainuki upesi hivyo, na ukiibahatisha mtumbani, lebo imeandikwa sufu asilimia 100, usiulize mara mbili. Nilikuwa nayo moja, ya kijivu, elfu 5. Nikaifulia maji ya moto. Sasa inamtosha mwanangu wa miaka sita, na yeye anasema inawasha.

Kufua ndiko kulikonifanya niache jinzi safarini. Njombe asubuhi ni ukungu, ukianika jinzi Jumatatu unaianua Jumatano ikiwa bado kwenye mishono kuna unyevu, na ule uvundo. Hii fulana naifua usiku kwenye sinki la gesti. Naikamua kwa mkono. Nachukua taulo kavu, natandaza hivi kitandani, fulana juu yake, nakunja pamoja kama mkeka, mkeka naushusha chini, naukanyaga. Kisigino, kisigino, mpaka mwisho. Nikikunjua, taulo limelowa, fulana ina ubaridi tu. Naitundika kwenye hanga mbali na ukuta, asubuhi naivaa. Flisi vilevile, ila usiipige pasi. Nayo tumeshaongea kuhusu plastiki na moto.

Kuna mmoja ameuliza, je, kanga? Dada yangu, kanga haitoki kwenye begi langu. Kwenye basi ni shuka, ni pazia la jua, ukisimama kuchimba dawa porini ni ukuta. Ni pamba, ndiyo, lakini naivaa juu ya kila kitu, haikutani na jasho. Kaka zangu, kikoi kinafanya kazi hiyohiyo, mzunguke shingoni mara mbili.

Bei basi. Flisi elfu 12, fulana elfu 8, jaketi elfu 45. Zote tatu zinaingia kwenye begi la mgongoni na nafasi ya karanga inabaki. Ningekuwa nalinunua leo jaketi, ningempa muuzaji elfu 30, siyo zaidi, na ningeijaribu zipu kwa mkono mmoja kabla hela haijatoka. Mtandaoni huwezi, kwa hiyo muombe akutumie video akiifunga bila kushika utepe. Wangu alinitumia picha. Picha ya zipu iliyokwisha fungwa!

Tangazo dogo la chaneli: video zinahamia Ijumaa, Jumanne umeme wa mtaani kwetu hauaminiki. Ijayo ni viatu, na nimeshanunua vya kunikasirisha.

Kuhusu kurekebisha, nilimpelekea fundi wa hapa mtaani jaketi la dada yangu, alinunua kama hili hili, sisi ni wajinga wawili. Akaulaza ule utepe, akapiga mshono mmoja toka juu mpaka chini, sindano nyembamba ili maji yasipate njia kubwa. Elfu 2, dakika kumi. Hili hapa. Mkono mmoja... juu... chini... juu. Mmeona wenyewe. Langu linakwenda kesho, nikishatoka humu ndani. Fundi mwenyewe amesema nisimtaje wala nisitoe namba, ana sare za shule mpaka Januari.