Kisanduku cha ufunguo chenye vitufe kumi: uzoefu wangu Shela

Nasimamia nyumba ya wageni hapa Shela, kisiwani Lamu, na wageni hawafiki kwa wakati mmoja. Wa ndege hutua Manda wakavuka kwa boti. Wa basi hushukia Mokowe, na mara nyingine hufika mimi niko msikitini au nimekwenda Amu sokoni. Ndipo nikanunua kile kisanduku cha chuma cha kuwekea ufunguo, kinachofungwa ukutani na kufunguliwa kwa nambari ya siri. Chetu kina vitufe kumi, 0 hadi 9. Nilikipata Mombasa, bei elfu tatu kasoro kidogo, na muuzaji akaniapia kwamba nambari zinazowezekana ni elfu kumi.

Chuma chenyewe ni kizito na kifuniko cha mpira kinazuia mchanga. Tulikifunga kwenye ukuta wa mawe. Mlango ni wa nakshi, na mwenye nyumba angenitimua kabla ya kuupitisha msumari wa kwanza.

Ila hizo elfu kumi hazipo. Kisanduku hiki hakijui kitufe kipi kimetangulia. Kila kitufe ndani kina hali mbili tu: kimezama au hakikuzama. Weka 1963, mwaka wa uhuru ambao kila mtu angeujaribu kwanza, na kitafunguka kwa 3691, kwa 9136, kwa namna zote 24 za kuzipanga tarakimu hizo nne. Na 2002 huwezi kuiweka kabisa, maana kitufe kikishazama hakina mara ya pili.

Mpwa wangu, ambaye hisabati kwake ni mchezo, alikaa barazani na kalamu. "Mjomba, hapa mpangilio hauhesabiwi, twahesabu uteuzi tu." Kitufe cha kwanza una nafasi 10 za kuchagua, cha pili 9, cha tatu 8, cha nne 7. Zidisha: 5,040. Lakini kila kundi la vitufe vinne limehesabiwa mara 24, basi gawanya. Zabaki 210. Elfu kumi ni za kufuli la magurudumu manne ya tarakimu, yale ya kuzungushwa kwa kidole, ambalo tarakimu yaweza kujirudia na mpangilio una uzito: 10 mara 10 mara 10 mara 10.

Kwa mwizi tofauti hiyo ni kubwa. Kubonyeza vinne, kuvuta kikomeo, kuvirudisha vitufe juu: tuseme sekunde kumi. Nambari zote 210 zaisha kwa dakika 35, na kwa kawaida atabahatisha kabla hajazimaliza. Kufuli la magurudumu, hata akienda kwa sekunde tatu kila nambari, lamtaka zaidi ya saa nane.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Jirani yangu mwenye kisanduku kama hiki aliweka tarakimu nane, akijua amejihami. Kumbe kuchagua vitufe vinane vya kubonyeza ni sawa na kuchagua viwili vya kuacha, na hizo ni namna 45 tu! Tarakimu tisa ni namna 10, na zote kumi ni moja. Kilele ni tano, namna 252; ukiongeza hapo, unashuka. Ukijumlisha zote, tangu kutobonyeza chochote hadi kubonyeza vyote, wapata 1,024, yaani mbili kumi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe (2 mara 2 mara 2, hadi ya kumi), kwa kuwa kila kitufe ni ndiyo au la. Asiyejua umetumia tarakimu ngapi ana kazi ya karibu saa tatu. Basi usimwambie mtu idadi yake, wala usitumie nne, ndizo atakazoanza nazo.

Je, nimekitupa? La. Nyumba yetu iko kichochoroni penye baraza, na mtu akisimama ukutani akibonyezabonyeza, hazipiti dakika tano ashaulizwa na watatu anatafuta nani. Nyumba ya shamba iliyo peke yake singeiwekea hiki. Ningenunua cha magurudumu, nikawakumbusha wageni wayavuruge yote baada ya kufunga, maana wengi husogeza moja tu.

Chumvi ya bahari imeanza kula skrubu, lakini tone la mafuta ya cherehani hulainisha vitufe. Nambari hubadilishwa kwa bisibisi ndogo, nyuma ya mlango wake, na kazi hiyo naifanya kila wageni wakiondoka. Angalia hapo: kutoka 4729 kwenda 9274 hujabadilisha kitu. Lazima tarakimu yenyewe itoke na nyingine iingie.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Moja imekwenda na kutu. Ya pili nimeikata kwa kile kikaratasi cha maelekezo: kinaeleza kwa picha namna ya kushika bisibisi, na hakina hata mstari mmoja wa kusema kwamba mpangilio haujalishi.