Kupiga Windows upya hakukufuta kitu: uzoefu wangu na ShredOS

Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Kompyuta yangu ya zamani, Dell ya mezani yenye hard disk ya GB 500, ilikataa Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Nikaamua kuiuza. Nikaipiga Windows upya, nikaiona nyeupe kabisa, nikampigia kijana aliyekuwa anaitaka.

Kabla hajaja, fundi wangu akapita dukani kutoa kopi. "Dada, una uhakika umeifuta?" Nikamjibu nimemaliza jana. Akachomeka flashi yenye PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili. Hiyo haina habari na majina wala folda. Inapekua diski yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa picha na hati. Haijafika hata nusu saa, folda iitwayo recup_dir.1 ikawa imejaa. Akafungua picha moja bila kuchagua: kitambulisho cha NIDA, kimekaa upande kidogo, na ukucha wangu mwekundu umeingia pembeni ya skana. Mwenyewe namjua, ndiye ananiuzia maandazi asubuhi.

Nilikaa kimya. Miaka sita ya vyeti vya kuzaliwa, barua za kazi, fomu za mikopo ya wanafunzi. Ile fomati ya haraka inayofanyika ukipiga Windows upya ni sawa na kung'oa kibao cha namba ya nyumba: nyumba ipo, na waliomo wamo. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Steshenari sijui ni wangapi tunaikumbuka.

Fundi akanipa ShredOS, mfumo mdogo wa kufuta diski. Ni ya bure, unaiandika kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus, unawasha kompyuta huku ukibonyeza F12 (kwa Dell), unachagua flashi. Hakuna Windows inayofunguka. Inakuja nwipe, programu yake ya kufutia, skrini ya maandishi matupu kama mashine za zamani za benki. Diski zote zinajipanga hapo. Unabonyeza spesi kuchagua, M kuchagua njia, kisha S kubwa kuanza.

Hapo kwenye kuchagua ndipo nilipotoka jasho. Nilikuwa nimesahau kuchomoa diski ya nje yenye nakala za akiba za mafaili ya duka, nayo ilikuwa kwenye orodha, mstari wa pili. Ukiikosea, hakuna wa kukurudishia. Soma ukubwa na jina la diski mara mbili, au chomoa kila kitu kwanza.

Kuna njia ya Gutmann, mizunguko 35 ya kuandika juu ya diski nzima. Ilibuniwa 1996 kwa diski za wakati huo, achana nayo. Kwa hard disk ya kuzunguka ya sasa, mzunguko mmoja wa kuandika sifuri pamoja na uhakiki unatosha. Wangu ulikuwa umebakiza dakika ishirini, umeme ukakatika. Nwipe haiendelei ilipoishia, nikaanza moja. Safari ya pili, kufuta na kuhakiki, ilikula kama saa tatu na nusu, nikaiacha inaunguruma nikiwa nauza madaftari. Kama huna UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, fanya usiku wa manane ukijaaliwa.

Jingine: ikiisha, kompyuta haiwaki tena, inasema haioni kitu cha kuwashia. Mnunuzi wangu alidhani namuuzia kopo. Ilibidi nipige Windows tena mbele yake ndipo akatoa 170,000.

Kasoro yake kubwa ni SSD, diski za chipu zisizozunguka. Chipu zake zina nafasi za akiba ambazo programu ya kuandika juu haizifikii, kwa hiyo huko tumia amri ya kufuta ya diski yenyewe, kupitia BIOS (menyu ya mipangilio kabla Windows haijafunguka) au programu ya mtengenezaji. Kwa hard disk za kawaida naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa kuniweka karibu sana na akiba yangu ya duka.

Kabla ya kupiga hiyo Windows, fundi alirudia PhotoRec hadi mwisho: mafaili 0. Ikabaki flashi yake yenye vitambulisho alivyovirudisha. Flashi nayo ni chipu, kama SSD. Tuliitwanga kwa nyundo kwenye kizingiti cha duka, nikamlipa elfu kumi na tano.