Kaliba ya bastola ya kubeba: maoni yangu baada ya kutumia .380, 9mm, .40 na .45

Nianze na hukumu. Mtu mzima mwenye mikono yenye afya, anayebeba bastola kihalali hapa Texas kwa ajili ya kujilinda, anunue 9mm. Nimetumia na .380, .40 na .45 pia, na kila moja ina mtu wake, ila watu hao ni wachache kuliko wauzaji wanavyodai. Sababu haiko kwenye upana wa risasi. Kaliba, yaani ukubwa wa risasi, hainunuliwi peke yake: unainunua pamoja na uzito wa bastola, urefu wa mtutu na aina ya kichwa cha risasi. Kimoja kati ya hivyo kikibadilika, namba iliyochapwa kwenye boksi haikwambii tena mengi.

Namba zenyewe huwachanganya wengi. 9mm ninayoizungumzia ni 9x19, ile ya Georg Luger ya mwanzoni mwa karne ya 20, yenye ganda la milimita 19. Kichwa cha .380 kina kipenyo kile kile, ila ganda lake ni la milimita 17. .40 na .45 ni sehemu za inchi, yaani milimita 10 na kidogo, na milimita 11.5 hivi. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na gramu moja ni greni 15.4.

Kwenye bastola ya ukubwa kamili, 9mm ya greni 124 hutoka kwa takriban mita 350 kwa sekunde, .40 ya greni 180 kwa mita 300, .45 ya greni 230 kwa mita 255 hivi, na .380 ya greni 95 kwa mita 290. Ukipiga hesabu ya nishati, 9mm inapata kama jouli 490, .40 jouli 525, .45 jouli 485. Zinakaribiana sana. .380 iko chini kabisa, jouli 260. Sasa zidisha uzito kwa kasi, kwa kuwa hicho ndicho mkono unachokipokea. 9mm ikiwa 100, .40 ni kama 125 na .45 ni 135. Kwa nishati ile ile, mkono unachukua teke lililozidi kwa robo hadi theluthi, na risasi yako ya pili inachelewa.

Hoja kwamba 9mm ni dhaifu ilikuwa na msingi zamani. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maajenti wawili wa FBI waliuawa katika mapigano na majambazi, na risasi ya 9mm iliyompata mmoja wa majambazi hao iliishia kabla ya kufika moyoni. FBI wakataka risasi inayoingia ndani zaidi. Wakachagua 10mm, wakaona ni kali mno kwa maajenti wengi, wakaipunguza nguvu, na kutokana na hiyo 10mm iliyopunguzwa Smith & Wesson na Winchester wakatoa .40 mwaka 1990. Ila kilichokuwa na kasoro mwaka 1986 kilikuwa kichwa cha risasi ile. Watengenezaji walipojifunza kuvitengeneza vichwa vipanuke na bado viende mbali, FBI hao hao wakarudi 9mm, na mwaka 2016 wakaipa kampuni ya bastola ya Glock mkataba. Jeshi la Marekani lilikuwa limeshaiacha .45 mwaka 1985, na lilipobadilisha bastola mwaka 2017 likabaki na 9mm.

Kipimo cha FBI ndicho ninachokitumia kuchuja risasi madukani. Hupigwa jeli ya asilimia 10, inayoigiza nyama ya mwili, tupu na ikiwa nyuma ya nguo nzito, mbao, bati na kioo cha gari. Kichwa kinatakiwa kiingie sentimita 30 hadi 46. Pungufu ya hapo hakifiki panapohitajika. Zaidi ya hapo kinatokea upande wa pili kikiwa bado na nguvu ya kumdhuru asiyehusika. Kwa sababu hiyo sibebi risasi ya kichwa kizima kilichovikwa shaba, ile ya mazoezi, kwenye 9mm wala .40. Ni ya bei nafuu na haikwami, lakini haipanuki na inapita ukuta wa jasi wa apatimenti kama karatasi. Risasi ya kubeba ni ile yenye tundu kichwani. Hufunguka ikiingia kwenye kitu laini, 9mm ikafikia milimita 14 hadi 16, na kufunguka huko ndiko kunakoifunga breki. Adui wake ni nguo: kitambaa kikijaa tunduni kichwa hakifunguki, na unarudi pale pale pa kichwa kizima. Boksi lisilo na matokeo ya jeli nyuma ya nguo nzito, popote pale, liache.

Mtutu nao uangalie. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102, Glock 26 milimita 87, SIG P365 milimita 79. Kadiri unavyoufupisha, kasi inapungua, na kichwa kilichosanifiwa kwa mtutu mrefu kinaweza kushindwa kufunguka. Kwenye Glock 19 nabeba risasi za tundu za greni 124 za kawaida, Federal HST au Speer Gold Dot, na zote mbili naziridhia kikamilifu. Kwenye bastola fupi nachagua moja kati ya mbili: Gold Dot iliyotengenezwa kwa mitutu mifupi, au HST ya greni 147, ambayo ni ya polepole tangu mwanzo (kama mita 305) na kichwa chake kimesanifiwa kufunguka kwa kasi hiyo. Risasi zenye alama ya +P zina shinikizo kubwa kidogo, hivyo soma kitabu cha bastola yako kwanza kama zinaruhusiwa. Kwenye bastola ndogo faida ya +P naiona haba, ilhali mwako na teke vinaongezeka waziwazi.

.380 inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo inayouzwa kwa watu wasiofaa kuuziwa. Muuzaji humwambia mama mwenye mikono midogo, "Chukua hii ndogo, haina teke," kisha anampa bastola ya mfukoni kama Ruger LCP yenye gramu 270 hivi. Bastola ya gramu 270 yenye .380 inapiga mkono karibu sawa na 9mm ya ukubwa wa kati, na mpini wake unashikwa kwa vidole viwili tu. Vilengeo vyake ni vidogo na triga ni ndefu. Hiyo ni bastola ya mtu mwenye mazoezi mengi anayehitaji kitu cha kujificha kabisa.

Ila .380 kwenye fremu kubwa ni habari nyingine. M&P380 Shield EZ ya Smith & Wesson, iliyotoka 2018, ina gramu 525 hivi, risasi 8 kwenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini), na slaidi yake (sehemu ya juu inayovutwa nyuma) inavutika kwa urahisi kuliko bastola nyingi za kubeba. Kwa mzee mwenye baridi yabisi ya vidole, au mtu aliyevunjika kifundo cha mkono, nampendekezea hiyo bila kusita. Bastola usiyoweza kuvuta slaidi yake huwezi kuipakia wala kuikwamua ikikwama. Atakayeichukua ajue tu udhaifu wa .380: risasi nyingi za tundu za kaliba hii ama hufunguka zikaishia kabla ya sentimita 30, ama hazifunguki kabisa. Hydra-Shok Deep ya greni 99 ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo la kutofika ndani. Hii ndiyo kaliba pekee ambayo simlaumu mtu akibeba kichwa kizima, kwa kuwa hapa shida kubwa ni kutofika. Na risasi zake, ingawa ni ndogo, mara nyingi ni ghali kuliko za 9mm, kwa kuwa hutengenezwa chache.

.40 sioni sababu ya kuinunua mpya leo, ila bastola zilizoachwa na polisi zinauzwa kwa bei nzuri na bado ni imara. Ukiichukua, chukua yenye fremu ya ukubwa wa kati au zaidi; .40 kwenye bastola ndogo ni kali na kali kwelikweli. Springi ya slaidi ibadilishwe mapema kuliko ya 9mm, kwani mitambo inapigwa zaidi. Na chunga risasi moja isiingizwe chemba (chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa risasi) tena na tena. Kila mara unapopakua bastola jioni na kuipakia asubuhi, kichwa kinagonga njia ya kuingilia na kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo linapanda, na .40 haina nafasi ya ziada. Linganisha urefu wa risasi ya juu na mpya kutoka kwenye boksi, uzisimamishe kando kwa kando juu ya meza. Ikionekana fupi, hata kidogo, usiipige. Hili linahusu kaliba zote, ila kwenye .40 madhara ni makubwa.

.45 ni tamu kuipiga kutoka kwenye bastola ya chuma ya kilo moja na zaidi. Teke lake ni la kusukuma, shinikizo lake liko chini, na kichwa chake kikifunguka kinapita milimita 18. Tatizo ni kuibeba: bastola ya mtindo wa 1911 inachukua risasi 7 au 8 kwa uzito ambao kiuno kinauhisi siku nzima, ilhali Glock 19 inachukua 15 kwa uzito mdogo zaidi. Hesabu hubadilika kidogo kwenye majimbo kama California na New York, ambako magazini inaishia risasi 10. Huko Glock 30 yenye risasi 10 za .45 haikupunguzii chochote kwa idadi, na mwenye mkono mkubwa anaweza kuifikiria.

Kabla ya kununua, kodi bastola hizo kwenye uwanja wa shabaha. Weka sahani ya karatasi umbali wa mita 7, piga risasi tano mfululizo kwa muda wa sekunde tatu hivi, ukishika saa ya shabaha au mwenzako akihesabu. Fanya hivyo kwa kila kaliba, mizunguko kadhaa, na mwishoni mikono ikiwa imechoka rudia tena. Kaliba ambayo risasi zote tano zinabaki ndani ya sahani hata ukiwa umechoka ndiyo yako. Wengi hupiga vizuri risasi ya kwanza ya .40, halafu ya tatu na ya nne zinapanda juu. Sahani haidanganyi.

Ukishanunua, pitisha angalau risasi 200 za mazoezi, kisha angalau 50 za ile ya kubeba, ukitumia kila magazini utakayobeba. Risasi ikikwama na pua yake juu, shuku magazini kwanza: iwekee alama kwa rangi na uone kama kosa linaifuata. Ganda likibanwa mlangoni limesimama wima, shuku mshiko. Kifundo kikilegea, slaidi hairudi nyuma kikamilifu, na bastola nyepesi hazisamehe hilo. Kosa likibaki baada ya kubadili magazini na kukaza mkono, badilisha aina ya risasi. Baadhi ya bastola hazipendi vichwa vyenye mdomo mpana.

Mwenye bastola za kaliba mbili nyumbani asiruhusu risasi zichanganyike mezani wala kwenye begi la uwanjani. 9mm inaweza kuingia chemba ya .40 na kulipuka: ganda linapasuka na slaidi haifanyi kazi yake. .380 nayo inaweza kuingia kwenye 9mm. Soma chapa ya kitako cha ganda, usitegemee rangi ya boksi. Mimi hupeleka kaliba moja uwanjani kwa siku, basi.

Kwa wageni wenzangu, jambo la sheria linatangulia kaliba. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki bastola. Aliye na viza ya masomo au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kushika risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo muone wakili kabla ya kukanyaga dukani. Tangu 1 Septemba 2021 Texas inaruhusu aliyetimiza miaka 21 na asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila leseni. Mimi bado napendekeza leseni, kwa sababu majimbo mengi jirani yanaitambua. Na ukisafiri kwa gari kuelekea mashariki, angalia hata aina ya risasi: New Jersey ina vikwazo vyake juu ya kubeba risasi za tundu, na Gold Dot yako halali ya Dallas inaweza kukuweka korokoroni kule.