Gari lenye rampu kwa abiria wa kiti mwendo Dodoma: uzoefu wangu wa miezi minne

Ninatumia kiti mwendo tangu nilipopata ajali mwaka 2017, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikikodi Hiace yenye rampu nyuma kutoka Ipagala hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, lakini sijawahi kupanda daladala ya Dodoma yenye rampu, hivyo awali mwanangu alikuwa akinibeba mgongoni na kuniingiza kwenye teksi, huku kiti kikifungwa kamba kwenye buti lisilofunga. Kwa sababu hiyo Sh 40,000 za kwenda na kurudi nazilipa bila kunung'unika sana.

Rampu yenyewe ni ya aluminiamu, inakunjwa katikati na ina kingo pembeni. Siku moja tuliipima kwa futi kamba: urefu wake ni mita 2.4, na sakafu ya gari iko sentimita 60 kutoka ardhini, yaani mteremko wa 1 kwa 4. Huo ni mkali, kwa kuwa kwenye majengo kipimo kinachopendekezwa ni 1 kwa 12, ambacho hapa kingehitaji rampu ya zaidi ya mita saba. Dereva niliyemzoea analijua hilo, ndiyo maana hutafuta ukingo wa barabara ulioinuka na kurudisha gari hadi ncha ya rampu itue juu yake, kwani hata sentimita 15 za ukingo hupunguza ukali wa mteremko kwa kiasi ambacho mikono yangu inakisikia.

Kazi yake ni ya taratibu. Huzima injini, huvuta breki ya mkono, kisha hutoa brashi chini ya kiti na kufagia rampu, maana upepo wa Dodoma kiangazi hauachi kitu bila mchanga, na mchanga juu ya aluminiamu huteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Halafu huniuliza, "Shikamoo mwalimu, tuanze?" na hagusi kiti kabla sijajibu. Wakati wa kupanda natazama mbele naye anasukuma kutoka nyuma. Wakati wa kushuka kiti hutangulia mgongo, yeye akiwa chini yangu akirudi kinyumenyume. Ndani, mikanda minne yenye kulabu hufungwa kwenye fremu ya kiti, miwili mbele na miwili nyuma, kisha mimi nafungwa mkanda wangu wa peke yake, unaopita chini ya vishikio vya mikono na kulala juu ya mifupa ya nyonga.

Mwezi uliopita alikuwa na msiba, akaletwa kijana mwingine. Alikuwa mpole na mwenye haraka. Kulabu za nyuma alizitundika kwenye spoku za magurudumu, nikamwambia azihamishie kwenye fremu, akazihamisha huku akicheka kwamba safari ni fupi. Tulipofika alinishusha nikitazama mbele, na kabla sijamaliza kusema kwamba nigeuzwe, vikanyagio vya miguu viligonga ardhi pale rampu inapoishia, kiti kikasimama ghafla, nami nikaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji alinidaka begani. Sikuumia, ila nilitetemeka hadi nilipomaliza mazoezi, na mtaalamu wa viungo alilazimika kuanza na kunipumzisha.

Nilimpigia simu mwenye gari jioni ile. Aliomba radhi kwa unyenyekevu, lakini alipokiri kwamba kijana yule alifundishwa kufungua rampu tu, na si kumhudumia aliyeko juu yake, nilielewa tatizo lilipo. Aliahidi kwamba yule wa zamani atamfundisha, na wiki mbili baadaye niliwakuta wote wawili uani kwangu, mkubwa akiwa amekaa kwenye kiti cha akiba na kijana akimshusha kinyumenyume, mara tatu, mbele ya wajukuu wangu waliokuwa wakishangilia.

Naendelea kulikodi gari hilo. Ila nikiweka nafasi, kabla ya kutaja saa, nauliza ni nani atakayeendesha.