Tairi na Rimu za Gari ya Zamani: Anza na Ipi, Achana na Ipi

Wenye gari za zamani wengi tunaanzia mkiani. Mtu anaona rimu imekaa vizuri, anaipenda, anailipia, halafu ndo anaanza kuzunguka akiuliza tairi gani itaingia na kama itagusa madigadi. Anza na tairi. Na saizi usiisome kwenye tairi iliyopo saivi, maana huenda mwenye gari aliyekutangulia alipachika tu alichokipata, isome kwenye kitabu cha gari au kwenye stika ya mlangoni kama bado ipo.

Gari ya miaka ya 60 na 70 ilichorwa ikiwa na tairi nyembamba iliyosimama juu. Springi, shokapu, stelingi isiyo na pawa, urefu wa gia, sindano ya spidi, vyote vilipigiwa hesabu kwa tairi ile, kwa hiyo orodha yangu hapa chini haipangi kwa muonekano, inapanga kwa jinsi gari inavyotembea. Ukitaka muonekano kwanza basi utaisoma kichwa chini miguu juu, sawa tu, gari ni yako.

Namba za zamani zinachanganya kidogo. Ukiona 5.60-15 hiyo ni krosiplai, yaani zile ambazo nyuzi zake zinapishana kimshazari, upana ni inchi 5.60 na rimu ni inchi 15. Ukiona 165R15 bila namba ya katikati, hiyo ni radiali, yaani nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja toka ukingo mmoja hadi mwingine, upana milimita 165, na ubavu wake unahesabiwa kama asilimia 80 hivi ya upana, kwa hiyo 165/80R15 ni karibu kitu kilekile. Michelin walianza kuuza radiali mwishoni mwa miaka ya 40 lakini viwanda vingi vya gari vilichukua muda mrefu kuhamia huko, Marekani ndo kabisa mpaka miaka ya 70, kwa hiyo gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa zilitoka na aina tofauti.

Sasa mpangilio.

Ya kwanza kabisa, bila ubishi, radiali mpya ya saizi ileile ya kiwandani. Zipo bado. Michelin wana XAS, Pirelli wamerudisha Cinturato, Vredestein wana Sprint Classic, na hizi nyingi zina kashata za muundo wa zamani ila mpira umechanganywa kisasa, kwa hiyo kwenye mvua zinashika kuliko zile babu zao. Bei inauma, sikudanganyi. Ila gari inarudi kuwa nyepesi mkononi, ukikata kona inakwambia mapema kwamba inakaribia kuteleza, na haikurushi ghafla. Kama gari yako ni ya kutembelea na si ya kupiga picha tu, hapa ndo pa kuweka hela, rimu za kung'aa zitasubiri.

Ya pili, tairi ya kawaida ya kisasa ya saizi ya jirani. Hapa piga hesabu, usikubali tu kuambiwa "inaingia". Chukua upana, zidisha kwa asilimia ya ubavu (80 ni 0.80), zidisha mara mbili, jumlisha na rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). 165/80R15 inakuja milimita 645. 195/65R15, ambayo ipo kila mahali, inakuja kama 634, tofauti haifiki asilimia 2, kwa urefu safi kabisa. Tatizo ni upana, ile 195/65 inataka rimu kuanzia inchi 5.5, sasa rimu nyingi za zamani zina 4 au 4.5, ukiilazimisha ubavu unabinywa na gari inakuwa inayumba kama ina upepo mdogo. 185/65R15 yenyewe inashuka mpaka 621 hivi, hapo spidi inadanganya kwa karibu asilimia 4 na injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Mfano mzuri wa mabadiliko yanayokubalika ni Mercedes W123, ilitoka kiwandani nyingine zikiwa na 175R14 na nyingine 195/70R14, piga hiyo hesabu utaona urefu umeachana kidogo sana. Kama kiwanda chenyewe kiliruhusu saizi mbili, chagua bila wasiwasi.

Kwenye daraja hili kuna mtego mmoja, tairi za vipikapu na vivani zenye herufi C mwishoni. Zinapatikana kwenye saizi nyembamba, ni imara, bei nafuu, na muuzaji atazisifia. Ubavu wake ni mgumu maana zimetengenezwa kubeba mzigo, ukizifunga kwenye kagari kepesi zinadunda na kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri. Kwa Land Rover ya zamani sawa, kwa saluni hapana.

Hapohapo angalia namba ya mzigo na herufi ya spidi, zinaandikwa baada ya saizi. 84 inabeba kilo 500 kwa tairi moja, 88 kilo 560. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Usishuke chini ya alichoandika mtengenezaji hata kama unaendesha taratibu, bima ikianza kuchunguza ajali hiyo ni sehemu rahisi sana ya kukukamata.

Ya tatu, krosiplai mpya. Hii naiweka hapa kwa heshima tu ya gari za kabla ya vita na zile za maonyesho ambazo zikivaa radiali zinaonekana zimevaa viatu vya mtu mwingine. Inafuata kila mfereji wa barabara, ikilala usiku kucha asubuhi inagonga gonga mpaka ipate joto, na breki zake zinataka nafasi. Kuna watu wanaipenda hivyohivyo na siwalaumu. Ila usichanganye na radiali kwenye eksoli moja, kamwe, na ikibidi kabisa gari iwe na aina mbili basi radiali ziende nyuma na krosiplai mbele, ukigeuza hiyo mkia wa gari utataka kutangulia kwenye kona.

Ya nne, ubavu mfupi na rimu kubwa. Inapendeza kwenye picha. Kwenye barabara mbovu kila shimo linaenda moja kwa moja kwenye beringi na bushi za umri wa babu yako, stelingi inakuwa nzito wakati wa kupaki, na kama ofseti (jinsi rimu inavyokaa ndani au nje ya habu) imetoka nje ndo balaa zaidi.

Ya mwisho kabisa ni tairi "mpya" ya zamani, ile iliyokaa stoo. Hii inawaponza watu wengi kwa sababu kashata zimejaa, vinyweleo vya mpira bado vipo, inang'aa. Mpira unazeeka hata ukilala. Tafuta yale maandishi ya DOT, mwishoni kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000 na haina kazi nyingine zaidi ya kupandia maua. Watengenezaji wengi wa tairi wanasema ukifika mwaka wa 10 toa hata kama haijaisha, na viwanda vingine vya magari vinasema 6. Gari za zamani hazitembei sana, kwa hiyo tairi zetu hufa kwa uzee kabla ya kuwa kipara. Pindisha ubavu kidogo, ukiona vimistari vimepasuka, achana nayo. Mtumba naweka kapu hilohilo.

Tukija kwenye rimu, chuma ya kiwandani iliyonyooka ndo chaguo langu la kwanza. Ifunge kwenye habu uizungushe, uone kama inayumba, halafu angalia nyufa kuzunguka matundu ya nati na kutu pale tairi inapokalia. Ukiipaka rangi usijaze rangi nene pale nati inapokaa, rangi ile itabonyea na nati italegea yenyewe. Ya pili ni aloi mpya zinazoiga za zamani, zikiwa na vipimo sahihi. Aloi halisi za enzi zile ni nzuri pia lakini uliza ni madini gani, Fuchs za Porsche ni alumini iliyofuliwa na zinadumu, ila Minilite za mwanzo zilikuwa magnesi, na magnesi ya miaka 50 inaweza kuoza ndani huku nje inapendeza, ipimwe nyufa kabla haijaguswa na tairi. Rimu za spoki ni tamu machoni ila nyingi zinataka tyubu, spoki zinataka kukazwa, na meno ya kwenye habu yakiisha utasikia "ko" kila ukishika breki. Zilizokatwa zikachomelewa kuongezwa upana sizipangi popote.

Vipimo vya rimu ndo panapotia hasara. Volkswagen Beetle za mwanzo zina matundu 5 kwenye duara la milimita 205, za baadaye 4 kwa 130. Peugeot 504 ni 4 kwa 140. Fiat nyingi ni 4 kwa 98, na hapa kuwa makini kweli kweli kwa sababu rimu ya 4 kwa 100 inaingia kwa kulazimisha, nati zinakaza, unaona mambo yako sawa, kumbe zinakaa upande na stadi (zile skrubu za habu zinazopokea nati) zinapinda. Halafu kuna zile za milimita, Michelin TRX kwenye baadhi ya Peugeot 505 na BMW za wakati ule, rimu yake ni milimita 390, sio inchi 15 wala 16, tairi ya inchi haifai pale hata kidogo. Citroën DS za mwanzo nazo ni 400. Kama umenunua gari yenye TRX, aidha utafute TRX mpya au ubadilishe rimu zote.

Nati nazo zina umbo. Za Mercedes na Volkswagen ni mviringo, aloi nyingi za kununua zinataka koni, aloi za kiwandani za Toyota nyingi zinataka bapa na washa. Nati ya umbo jingine itakaza lakini haijakalia. Baadhi ya Chrysler za miaka ya 60 nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, watu wamevunja stadi wakidhani ni kutu.

Nunua tano, sio nne, maana spea ya kwenye buti mara nyingi ndo mzee kuliko zote. Gari zenye injini nyuma kama Beetle upepo wa mbele unakuwa mdogo kuliko wa nyuma, fundi asikujazie sawa zote. Kama unaweka tyubu, iwe ya radiali kwa tairi ya radiali. Ukishafunga, tembea kama kilomita 80 hivi, simama, kaza nati tena kwa spana ya kipimo.