Vitabu vya majini na nchi za ajabu: ukiwa Mbeya, anza na kipi?

Kuanzia Juni mpaka Agosti, Uyole hapakaliki nje kwa baridi giza likishaingia. Ndiyo miezi watu wananisimamisha njiani: "Dada, nisome nini?" Wengi wanataka hadithi za ajabu, zenye majini na nchi zisizo kwenye ramani. Mimi nauliza kwanza: hadithi gani ya mwisho ilikunyima usingizi? Akinitajia mambo ya Ziwa Ngosi aliyosimuliwa na bibi yake, huyo hanisumbui. Akitaja filamu ya mazimwi, ajiandae kutoa hela zaidi.

Namba moja ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, 1952. Liwali mmoja, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, kila usiku anawachapa viboko manyani wawili. Kwa nini? Mfalme naye anataka kujua, na wewe hutalala mpaka ujue. Ni chembamba, kinaisha usiku mmoja na kikombe cha chai ya tangawizi. Kiswahili chake kina maneno ya kizamani hapa na pale. Yaruke, hadithi haitakutupa.

Namba mbili ni Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, 1977. Kijana anarithishwa uchawi na baba yake, basi. Mtu wa huku aliyekua akisikia wazee wakinong'ona kuhusu nani kamwachia nani nini, hahitaji maelezo zaidi. Ukikikuta kwenye mitumba usianze kubishana bei sana, maana mimi sikukutana nacho mara ya pili.

Kusadikika, nacho cha Shaaban Robert, nakiweka cha tatu, najua walimu watanuna. Nchi iko angani, sawa, lakini muda mwingi uko mahakamani unasikiliza Karama akijitetea. Ni kitabu kizuri kwa anayependa hoja. Aliyekuja kutafuta majini atasinzia.

Nagona cha Kezilahabi, 1990, kisikudanganye kwa wembamba wake. Nilikisoma mara mbili na bado nabishana nacho. Si cha kuanzia.

Mwenye watoto achukue Alfu Lela U Lela, awasomee kwa sauti.

Sasa hao wa mazimwi. Vitabu vya Kiingereza vilivyotumika utavipata sokoni Mwanjelwa, vinene kama tofali, na mtego wake ni juzuu. The Lord of the Rings cha Tolkien kilitoka kwa juzuu tatu, 1954 na 1955, na mezani mara nyingi utakuta ya pili peke yake, ya kwanza haijulikani iko wapi. Bora uanze na The Hobbit, 1937, hicho kinajitegemea. Kabla ya kulipa, soma ukurasa wa kwanza hapo hapo umesimama. Ukikwama mara tano kwa maneno usiyoyajua, kirudishe. Kiingereza cha watu hao si cha magazeti.

Na fungua katikati. Niliwahi kuuziwa kitabu, muuzaji akiniapia "dada, hiki kipya kabisa". Nafika nyumbani, ukurasa wa 64 unafuatiwa na wa 81. Vitabu vingi hushonwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo fungu zima lilikuwa limechomoka, na ndani yake ndimo shujaa alimopata upanga. Mpaka leo sijui aliupataje. Siku hizi napitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa, muuzaji anione mshamba akitaka.

Kuhusu kuazimana: usimsimulie mtu hadithi, msomee aya ya kwanza halafu ufunge. Andika jina lako kwa kalamu ya wino, si penseli. Adili wangu alitoka kwangu kwenda kwa shemeji, shemeji akampa jirani, sasa nasikia yuko Vwawa na mtu nisiyemfahamu, naye amepeleka ujumbe kuuliza kama nina kingine.