Tairi la BFGoodrich KO2 la 265/70R17 juu ya rimu za 17x8: linafaa kwa Hilux ya kazi?

Tairi lenyewe ni zuri, na tutalifikia. Ila lawama nyingi zinazoangushiwa matairi ya A/T (ya lami na ya njia mbovu pia), mara usukani unatetemeka, mara linagusa madigadi, mara beringi imekufa mapema, chanzo chake ni rimu iliyonunuliwa pamoja nalo. Kwa hiyo tuanzie kwenye rimu.

Hilux ya kizazi kilichotoka 2015, toleo la inchi 17, huja na rimu ya 17x7.5 (kipenyo inchi 17, upana inchi 7.5), ofseti +30 (maana yake iko hapa chini), matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7 na tundu la katikati la milimita 106.1. Ford Ranger na Isuzu D-Max nazo ni 6x139.7, ndiyo maana muuzaji hukuhakikishia kwamba rimu moja inaingia zote. Stadi, zile bolti za kufungia rimu, zitaingia, kweli. Lakini habu ya Ranger, kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati, ni milimita 93.1: rimu yenye tundu la 106.1 ikifungwa pale inabaki imebebwa na stadi peke yake, haikukaa kwenye habu. Ikikaa upande hata kidogo, usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu, na fundi atabalansi mara tatu bila kuona kosa, kwa sababu mashine ya kubalansi inaishika rimu katikati yake sawasawa. Dawa yake ni pete ya kujazia nafasi ile. Kinyume chake hakuna pete itakayosaidia: rimu ya tundu la 93.1 haipiti kabisa kwenye habu ya Hilux.

Ofseti ndiyo namba inayopuuzwa kuliko zote, nayo ndiyo inayogharimu. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Ukitoka rimu ya kiwandani kwenda 17x8 yenye +25, ukingo wa nje unasogea nje milimita 11 hivi, na wa ndani unaingia milimita 1 tu. Gari halitasikia. Ukichukua 17x9 yenye ofseti 0 kwa sababu inaonekana pana na ya kibabe, ukingo wa nje unatoka milimita 49. Hapo mzigo umeondoka juu ya beringi ya mbele na unaivuta kwa nje, usukani unakunyang'anya kila ukiingia shimo, matope yanapaka milango, na tairi linapokata kona linachora duara kubwa zaidi hadi linakwaruza bampa. Kwa gari la kubeba mzigo, usishuke chini ya +20.

Kabla ya kulipa, geuza rimu uangalie nyuma. Namba za ofseti huwa zimepigwa kwenye alumini yenyewe, pamoja na uzito wa juu ambao rimu moja inaweza kubeba. Kama uzito haujaandikwa, iache. Chunguza pia viti vya nati, yaani pale nati inapokalia kwenye rimu. Nati za rimu za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa. Rimu nyingi za kununua huhitaji nati za koni ya nyuzi 60. Ukifunga za kiwandani kwenye kiti cha koni, zitabana siku hiyo na kulegea baadaye, na stadi zitakatika. Uzi ni M12x1.5, nati izunguke angalau mara 8 kwa mkono kabla haijakaza.

Sasa tairi. Saizi ya kiwandani, 265/65R17, ina kipenyo cha milimita 776. Hii ya 265/70R17 ni 803: unapata milimita 13 za nafasi chini ya difu, na spidomita ikionyesha 100 tairi linakwenda karibu 103. Mabadiliko hayo gari inayamudu bila kuinuliwa. Saizi ya 285/70R17 inafika 831, na huko utakutana na springi, kukata plastiki na injini inayolemewa kilimani.

KO2 ya saizi hii imetengenezwa kwa madaraja mawili ya uwezo wa kubeba mzigo, na wengi hawaulizi. Daraja C limeandikwa 112/109S: kilo 1,120 kwa tairi. Daraja E ni 121/118S: kilo 1,450, ubavu mgumu zaidi na uzito zaidi. Kama gari hubeba mzigo kila siku kwenye mawe, chukua E. Kama mara nyingi liko tupu, E litakurusharusha na kula mafuta bure, C linatosha. Sifa yake kubwa ni ubavu, hauchaniki kirahisi. Udhaifu wake ni lami iliyolowa, hasa meno yakishazeeka: breki inahitaji nafasi zaidi kuliko tairi la barabarani. Matope mazito nayo hujaa kwenye meno, hapo M/T, tairi la matope, linalishinda.

Haya ni matairi ya LT (ya magari mepesi ya mizigo), na upepo wa psi 29 ulioandikwa mlangoni ni mdogo kwake. Anza na 35 bila mzigo. Ukipakia, nyuma panda hadi 45 au zaidi kidogo. Kisha chora mstari wa chaki kukatisha meno yote, endesha moja kwa moja mita chache, utazame. Chaki ikifutika katikati tu, punguza; ikifutika pembeni tu, ongeza. Namba kubwa ya psi iliyo ubavuni ni kikomo cha tairi, usiijaze kila siku.

Tarehe ya kutengenezwa ipo kwenye tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya 2023. Nunua matano, si manne, kwa sababu tairi la akiba la kipenyo kingine ukiwa kwenye 4x4 hukaba giaboksi ya 4x4 na difu. Yakishafungwa, kata usukani hadi mwisho pande zote, mbele na kinyumenyume, gari likiwa na mzigo, uone kama tairi linagusa popote, na ukaze nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100.